Dogo Aliyepeleka Xbox Mwananyamala

Kabla Sony na Microsoft hawajafikishana kwa wasimamizi wa biashara kugombania gemu ipi itoke kwenye mashine ipi, kuna kaka mmoja wa Tandika alikuwa anaicheza hiyo biashara kwa kitu kinachoenea kwenye mfuko wa shati. Memori kadi ya PS2. MB 8 tu, basi.

Ilikuwa kama 2008, 2009 hivi. Banda la mabati, TV tatu za chogo, mabenchi, na feni moja inayompepea mwenye banda peke yake. San Andreas ndiyo habari ya mjini. Sasa San Andreas haiishi kwa nusu saa ya jero. Unapiga misheni mbili tatu, muda unaisha, unasevu, kesho unarudi kuendelea. Unasevu wapi? Kwenye kadi ya kaka, na kadi haitoki bandani. Ukinuna ukahamia banda la jirani, unaanza moja, CJ ndiyo kwanza anahangaika na baiskeli.

Jirani alipunguza bei. Watoto wakaenda siku mbili, ya tatu wakarudi kwa kaka kimyakimya, maana kule walikoacha walikuwa wameshafika Las Venturas. Jirani akabadilisha mbinu: akamtuma mtoto na kadi yake aichomeke tundu la pili la mashine akopi sevu za watu. PS2 ina matundu mawili, na kukopi ni dakika moja. Kaka alipogundua, tundu la pili akalimwagia gundi. Mpaka mashine ile inakufa, ilikuwa na tundu moja.

Kaka mwenyewe hajawahi kusikia neno la Kizungu la hiyo mbinu. Lakini wenzake wenye mabilioni walikuwa wanafanya hivyohivyo. Microsoft ilipotangaza kwamba inaingia sokoni na Xbox, Sony ikakimbilia kuelewana na Take-Two, wenye GTA, kwamba gemu zinazofuata zianze kutoka PS2. GTA III ikatoka Oktoba 2001, Vice City mwaka uliofuata, na wenye Xbox walikuja kuzipata mwishoni mwa 2003. San Andreas ilitoka PS2 Oktoba 2004, Xbox na kompyuta wakasubiri hadi Juni 2005. Miezi nane. Asiye na subira alinunua PS2, na wasio na subira duniani ni wengi kweli, mashine ile iliuzwa zaidi ya milioni 155.

Huku kwetu subira haikuwa tatizo, tatizo lilikuwa hela. Kilichoijaza PS2 Temeke nzima ni mashine zilizochezewa ndani zisome CD za kuchoma, na CD za kuchoma zilikuwa bei ya chipsi mayai. Haki ya kufungia gemu ilikuwa inapiganiwa Marekani na Japani, ikifika Kariakoo inakuta meza imejaa kopi. Hata ugomvi wa leseni za timu ulipita hivyo. PES haikuwa na haki ya majina ya timu nyingi za Uingereza, ndiyo maana kuna kizazi kizima cha Dar kiliijua Manchester United kama Man Red na Chelsea kama London FC, na kilicheza hivyohivyo kwa furaha. Mwaka 2019 ikawa zamu ya upande wa pili: Konami ikaichukua Juventus iwe yake peke yake, FIFA 20 ikatoka na timu inaitwa Piemonte Calcio na Ronaldo yumo. Mtu wa Mbagala alicheka tu. Sisi tumeanza siku nyingi, bana.

Mmoja wa watoto waliofungwa na ile memori kadi ndiye dogo wa stori hii. Alikua pale bandani. Kwanza mteja, halafu mtoto wa kutumwa vocha, halafu mkusanya hela, mwisho akawa ndiye anayefungua na kufunga kaka akiwa na shughuli. Alipomaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kukaa nayo ndani, akahamia Mwananyamala kwa mama mdogo wake na kuanza kuendesha bodaboda.

Mwaka 2023 akataka banda lake.

Hesabu zake mtu akizisikiliza haraka zinavutia. PS5 na Xbox Series S zote zilitoka Novemba 2020. PS5 ya kusoma CD ilianza dola 499, Series S dola 299. Kwa mtumba wa Kariakoo tofauti ilikuwa hiyohiyo, Series S karibu nusu ya PS5. Halafu kuna Game Pass: unalipia kwa mwezi, unapata mamia ya gemu bila kununua hata moja. Na mwaka huohuo dunia nzima ilikuwa inasema Microsoft inanunua kila kitu. Ilishawachukua Bethesda kwa dola bilioni 7.5, sasa inaichukua Activision, wenye Call of Duty, kwa bilioni 68.7. Dili lilifungwa Oktoba 2023. Dogo akaona kabisa: miaka miwili mbele gemu zote kali zitakuwa Xbox, na Mwananyamala nzima mwenye Xbox atakuwa yeye peke yake. Kama kaka na kadi yake, ila kubwa zaidi.

Akampigia kaka kumweleza.

"Sasa mdogo wangu," kaka akamuuliza, "mpira upo?"

"Upo kaka. FC 24 ipo kote kote. Ileile."

"CD inaingia?"

Haiingii. Series S haina mlango wa CD. Kila kitu unapakua, kwa bando. Kaka akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, Mungu akusimamie." Kwa watu wa Tandika hiyo sentensi ina maana zake.

Dogo aliuza bodaboda. Haikutosha, fremu inataka kodi ya miezi sita, TV mbili, viti, pedi za akiba. Pengo akaliziba na mkopo wa wale jamaa wa kausha damu, marejesho kila Jumatatu, dhamana vitu vya ndani. Mama mdogo alitia sahihi bila kuuliza sana, kwa sababu kijana alikuwa na daftari limejaa hesabu, na mtu mwenye daftari anaaminika.

Wiki ya kwanza banda lilijaa. Watu walikuja kuiangalia ile mashine nyeupe, ndogo kama boksi la viatu. Wiki ya pili wakaanza kupungua. Ya tatu wakabaki marafiki zake, wale wanaocheza bure.

Shida haikuwa gemu. FC 24 ilikuwa ileile, wachezaji walewale, Haaland yuleyule. Shida ilikuwa sheria ya bandani: mechi jero, aliyefungwa analipa, mshindi anabaki kitini. Hapo mtu hachezi kujifurahisha, analinda hela yake. Na vijana waliokulia PS2 wengi wanaukimbiza mpira kwa mishale, siyo kwa kile kijiti. Kwenye pedi ya PlayStation mishale iko juu kushoto, kidole gumba kinatua chenyewe. Kwenye pedi ya Xbox hapo juu kuna kijiti, mishale imeshushwa chini. Ni sentimita chache. Lakini fundi wa mtaa aliyezoea kukaa kitini saa mbili bila kutoa hata mia anafungwa na mtoto, analipa jero, anafungwa tena, analipa tena, anaangalia pedi, anaiweka chini taratibu. Kesho yuko banda la pili pale kona, lenye PS4 mbili zilizochoka na pedi zilizofungwa raba.

Hiki kitu wachambuzi wa YouTube hawakumwambia dogo. Wanazungumzia gemu zilizofungiwa, fulani ipo huku, fulani haipo huku, kana kwamba mteja anachagua mashine kwa kusoma orodha. Mabanda ya Kinondoni na Temeke karibu yote yanachezesha mpira, na mpira uko kote. Kilichofungiwa ni vidole vya watu. Miaka kumi na tano ya jero jero imewekwa kwenye vidole hivyo, na hakuna aliyetaka kuianza upya akiwa na CJ kwenye baiskeli.

CD nayo ilimuuma kivyake. Mwenye PS4 akinunua CD ya mpira Septemba, akishaichoka anaiuza, au anaipeleka Kariakoo anaongeza kidogo anapewa nyingine. CD moja inazunguka Keko, Chang'ombe, Mwananyamala mpaka inachanika. Gemu ya dogo ilikuwa kwenye akaunti. Haiuziki, haiazimiki. Vita hii iliwahi kupiganwa kweupe mwaka 2013, Microsoft ilipotangaza Xbox One itakayobana gemu za mtumba na kutaka intaneti kila baada ya saa 24. Sony wakatoa kavideo kafupi: mtu anampa mwenzake CD mkononi, imeisha. Microsoft ikarudi nyuma ndani ya mwezi mmoja. Lakini angalia mashine za sasa. Hata PS5 Pro ya 2024 imetoka bila mlango wa CD, wa kwako unanunua pembeni. Walichoshindwa kukichukua kwa tangazo wamekichukua polepole.

Februari 2024 jamaa wa marejesho walikuja. Jumatatu tatu zilikuwa zimepita kavu. Walibeba TV zote mbili na friji ya mama mdogo, ile aliyokuwa anagandishia barafu za kuuza. Xbox waliishika, wakaigeuza, mmoja akapiga simu sehemu, wakairudisha mezani. Hawakujua wangemuuzia nani.

Mwezi huohuo Microsoft ikatangaza kwamba gemu zake nne zinahamia kwenye mashine za wapinzani. Nne tu, wakasema, na siyo zile kubwa.

Mama mdogo hakupiga kelele. Ni barafu tu hazikuwepo tena, na watoto waliozoea kuja na mia zao walifika mlangoni wakaambiwa hakuna. Dogo aliona aibu hadi akaanza kurudi nyumbani usiku sana. Kaka wa Tandika alisikia kwa watu, akaja mwenyewe na bajaji, ndani yake TV moja na PS4 iliyotumika. Msaada, ndiyo, lakini kaka ni mfanyabiashara. Masharti yalitolewa palepale mlangoni: mapato ya PS4 wagawane nusu kwa nusu, CD za mpira zitoke kwake tu, na ligi yoyote ikichezwa hapo kiingilio kipite Tandika kwanza. Dogo akakubali yote. Angesemaje?

Kwa hiyo yule aliyetaka kuwa na mashine yake ya peke yake akawa tawi la PlayStation ya mtu mwingine. Banda likaanza kupumua. Mechi jero, vidole vinajua njia.

Xbox ilibaki kona, kwenye TV ndogo ya kuazima. Na hapo ndipo ilipopata wateja wake, ambao dogo hakuwa amewaweka kwenye daftari kabisa: watoto. Forza Horizon 5. Magari, barabara za Mexico, vumbi, mvua, unagonga mti unaendelea. Mtoto wa miaka tisa hana mazoea ya mishale, pedi yoyote kwake ni mpya. Dakika kumi jero. Wakitoka shule wanapanga foleni, wanabishana nani achukue gari gani. Na gemu hiyo haikuwepo banda lolote la PS kwa sababu ilikuwa ya Microsoft, imefungiwa kwao. Mwaka mzima kona ile ilikuwa inalipa umeme wa LUKU na sehemu ya deni. Nusu ya kaka haikugusa hapo, makubaliano yalikuwa ya PS4 tu. Friji ilirudi, siyo ileile, ya mtumba, lakini inagandisha.

Tarehe 29 Aprili 2025 Forza Horizon 5 ikatoka PS5.

Kwa Microsoft ni uamuzi wenye akili, tuwe wakweli. Mashine yenyewe haiwapi faida, bosi wao mmoja alikiri hivyo mahakamani 2021 kwenye kesi ya Epic na Apple: hawajawahi kupata faida kwa kuuza Xbox. Hela iko kwenye gemu. Sasa ukishatumia bilioni 68.7, na wenye PlayStation ni wengi kuliko wako, unawanyimaje gemu? Unawauzia. Forza ikaenda, Gears of War ikafuata Agosti, na Oktoba wakatangaza hata Halo, gemu iliyozaliwa na Xbox yenyewe 2001, inakwenda PS5 mwaka 2026. Sony naye siku hizi gemu zake nyingi zinaishia kwenye kompyuta baada ya muda. Kwa ukaidi wa zamani amebaki Nintendo na Mario wake.

Ila kampuni ikifungua mlango, kuna mtu mahali alikuwa anaishi kwa huo mlango kufungwa. Banda la kona lilikuwa limeshanunua PS5 moja. Halikupata Forza siku ileile, maana kupakua kunataka akaunti, na akaunti ina vituko vyake. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, kwa hiyo kwa karatasi za Sony mabanda yetu yote yako London au Marekani. Mei 2024, Sony ilipowataka wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa sokoni Steam kwenye nchi zaidi ya 170, na sisi tukiwemo. Sharti lilifutwa baada ya kelele za siku chache, lakini ujumbe ulifika. Na Forza ya PS5 inataka juu yake akaunti ya Microsoft pia. Jamaa wa kona alihangaika wiki mbili. Ya tatu, watoto wakapanga foleni kwake. TV yake ilikuwa ya inchi 55.

Oktoba 2025 Game Pass ya juu ikapanda Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Dogo akaacha kulipia, na hapo akakutana na sehemu ya mkataba ambayo hakuna anayeisoma: gemu za kukodi ukiacha kulipa zinajifunga. Picha ya Forza bado ipo kwenye skrini, ukibonyeza inakuelekeza dukani. Kaka alicheka sana alipoelezwa. Kadi yake angalau ilikuwa inafunguka ukileta jero.

Sasa kila mtu anamwambia auze. Na bei imekuwa nzuri, ajabu ya Mungu. Zamani mashine ilikuwa ikizeeka inashuka bei, hizi zinapanda. Series S ileile iliyoanza dola 299 imefika 399.99 Marekani mwezi huohuo wa Oktoba, na mtumba wa Kariakoo unasikia. Angeuza leo angelipa kilichobaki na kubaki na cha kuanzia. Mama mdogo anataka auze. Kaka anataka auze anunue PS4 ya pili, waongeze mkataba.

Dogo hataki. Amefungua ukurasa mpya kwenye daftari. GTA VI imetangazwa kutoka 19 Novemba 2026, PS5 na Xbox Series kwa pamoja, hakuna wa kuanza. PS4 haimo. Ina maana mabanda karibu yote ya Mwananyamala, Tandale, Manzese mpaka Tandika kwa kaka, yenye zile PS4 zilizofungwa raba, siku hiyo yatakuwa yanaangalia. Mashine ya bei ndogo kuliko zote itakayoicheza ni ile nyeupe pale kona. Na GTA siyo mpira, haina mechi, haina aliyefungwa analipa. Ni mtu na misheni zake, nusu saa nusu saa, na lazima asevu mahali.

Kaka alimuuliza itakuwaje siku ikiahirishwa tena, maana ilishaahirishwa mara mbili. Dogo akasema atasubiri. Kaka akauliza na sevu za watu ataziweka wapi.

"Humuhumu kwenye mashine, kaka. Haitoki bandani."